Hema la Milango Miwili

Mwaka 1893, nikiwa na miaka ishirini na mitano kwa kukisia, sotoka iliua ng'ombe wote wa baba yangu. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Ng'ombe wale ndio ambao ningeolea. Msichana alikuwa amekwisha kutajwa, wa huko Katumba Songwe, na baba yake alingoja muda wa kutosha, kisha akaacha kungoja. Simlaumu. Nani apokee mahari ya mizoga?

Baba akaniambia, "Nenda ziwani. Wadachi wanatafuta watu wenye mabega." Nikaenda. Tangu siku ile mpaka mwaka huu nilipoacha kazi, nimebeba mahema, nimeyasimamisha, nimeyashona na kuyakunja, kutoka Mwaya ziwani mpaka milima ya Ukinga, na kutoka Songwe mpaka kusikojulikana. Shule yangu ni masika mawili ya kujifunza herufi kwenye baraza la misheni, mvua ilipotufungia njia. Kwa hiyo msinitafutie maneno matamu humu. Nawaandikia ninyi vijana mlioingia kazi hii juzi, mnaokunja turubai likiwa bado na maji halafu mnashangaa likinuka kama samaki wa jana. Nani alipandishwa cheo na nani alipewa nini, waulizeni wenyewe. Mimi nitasema habari za kazi.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwa mkuu wa mahema pale Mwaya. Aliitwa Hamisi, mtu wa pwani, mfupi, na kilemba ambacho zamani kilikuwa cheupe. Wengine wote walinitazama mabega. Yeye alinitazama miguu.

"Unatoka wapi?"

"Njisi."

"Huko Njisi mna udongo gani?"

Nilicheka, nikidhani ananifanyia mzaha. Nikamwambia ni mweusi. Mvua ikinyesha unakushika mpaka magotini, jua likiwaka unapasuka mpaka mjusi anaingia.

"Basi kigingi cha hema huko kwenu kiwe kirefu au kifupi?"

Sikujua. Akanipa nyundo ya mti na kigingi, akanionyesha ardhi kwa kidevu, akaenda kunywa kahawa yake. Nilipiga mpaka jasho likaingia machoni. Aliporudi alikishika kigingi kwa vidole viwili akaking'oa kama uyoga.

"Kesho utapiga tena," akasema.

Nikapiga tena kesho, na kesho yake. Kigingi kinalazwa kichwa chake kuelekea nje, na kwenye udongo mweusi kinakuwa kirefu kama mkono wa mtu mzima. Hayo aliyanyamazia mpaka nilipoyaona mwenyewe, na kwa sababu hiyo sijayasahau. Mengine aliyasema wazi. Kamba ikilowa inajikaza, kwa hiyo ukiona wingu, zilegeze kamba kabla tone la kwanza halijaanguka, la sivyo zitang'oa vigingi vyote. Turubai lililolowa usiliguse kwa ndani. Pale ulipogusa kidole ndipo litakapovuja. Ukingo wa chini unyunyizie majivu, mchwa hawana heshima kwa mzungu wala mweusi. Na karibu na ziwa tazama nyasi zilizolala kwanza. Kuna bwana mmoja mpima ardhi aliyetaka hema lake mahali pazuri penye nyasi laini. Nikamwambia pale ni njia ya kiboko. Akasema kiboko atapita kando. Kiboko hakuwa ameambiwa.

Lakini neno kubwa la Hamisi lilikuwa swali moja. Kila alipoagizwa hema, hata na bwana mkubwa wa boma, kabla hajafungua mzigo aliuliza, "Nani atalala humo?" Hakuuliza wako wangapi. Watu walimwona mzee mjinga. Miaka kadhaa baadaye alirudi pwani na mguu wake uliovimba, akaniachia nyundo yake. Swali lake nikalibeba pia, ingawa uzito wake niliujua baadaye.

Sasa niwaeleze juu ya hema la familia, maana ndilo mnaloniuliza kila siku.

Hayo yalikuwa miaka michache kabla ya vita. Misheni ilimtuma mwalimu mmoja wa kwetu, Ambakisye, kwenda milima ya Undali kuanzisha shule. Malafyale wa huko, ndiye chifu wao, alikuwa ametoa kiwanja na kusema mwalimu aje na watu wake, si yeye peke yake kama mwindaji. Kule hapakuwa na nyumba. Wangekaa hemani msimu mzima wa mvua wakikata miti ya kujengea. Na wapagazi tuliopewa walitosha hema moja tu.

Watakaolala humo walikuwa hawa. Ambakisye mwenyewe. Mkewe Tupokigwe, ambaye tulimwita Mama Lugano. Binti yao Lugano. Wadogo zake Lugano wawili wa kiume, mmoja bado mgongoni. Na baba yake Ambakisye, Mzee Mwakatundu. Mzee huyo wanawe wengine ndui iliwamaliza. Mkewe alikuwa amekufa. Magoti yake yalikuwa mabovu, na hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumpikia.

Niliagizwa nikachague. Katika duka la Alidina, Mhindi wa pale Mwaya, palikuwa na mahema mawili makubwa. La kwanza lilikuwa la duara, kama la askari, nguzo moja katikati na mlango mmoja. La pili lilikuwa la umbo la nyumba, nguzo mbili, paa juu ya paa, mlango mbele na mlango nyuma. La duara ni jepesi, linasimama haraka, upepo unalizunguka, na ndani watu wanalala kama vijiti vya gurudumu, miguu katikati. La nyumba ni zito na lina kamba nyingi. Nikachukua la duara. Fundi yeyote angechukua lile, na akija anayebisha nitabishana naye mpaka leo.

Hamisi alinizoeza kwamba hema la familia lisimamishwe nyumbani kwanza, wenyewe wakiwepo, kabla ya safari. Tukalisimamisha kwenye uwanja wa misheni. Mchana ule wingu likashuka kutoka mlima Rungwe kama linavyojua, na mvua ikaanguka.

"Tata, ingia usilowe!" Ambakisye akamwambia baba yake.

Mzee akaingia, akaketi karibu na nguzo, akalipapasa turubai kwa mkono akifurahi. Mara Tupokigwe akaja mbio kutoka jikoni, mtoto mgongoni, kanga kichwani. Alipofika mlangoni akaiona miguu ya mzee. Akasimama pale pale, akageuka, akatupa mgongo.

Msomaji wa pwani huenda asielewe. Kwetu mkamwana hatazamani na baba wa mumewe. Akimsikia anakuja hupinda njia, hujifunika, hupita migombani. Jina lake halitamki. Hamwambii neno, wala mzee hamwambii neno. Kijiji cha wazee na kijiji cha vijana vimetengana, kwa hiyo mambo haya hayasumbui; kila mtu ana njia yake. Katika hema la duara njia ni moja.

"Mama Lugano, ingia!" Ambakisye akapiga kelele.

"Niko sawa."

"Mtoto analowa!"

"Basi njoo umchukue mtoto."

Mzee akasikia. Akataka kutoka ampishe, lakini mlangoni ndipo alipo mkamwana wake. Basi mzee yule, mtu mwenye mvi, akalala kifudifudi, akainua ukingo wa hema upande wa nyuma, akatambaa kwa tumbo mpaka kwenye matope. Wapagazi walikufa kwa kicheko. Mwisho wake mzee amesimama kwenye mvua upande huu, mkamwana amesimama kwenye mvua upande ule, na ndani, pakavu, yuko Ambakisye na mtoto.

Nikamwambia, "Mwalimu, hema limekutosha vizuri."

Hakucheka. Na mimi niliacha kucheka mzee aliposema, huku akijifuta matope, "Mwanangu, nenda na watu wako. Mimi nitabaki."

Tulijua sote kubaki kwake maana yake nini. Angebaki na magoti yale, na jiko lisilo na mtu.

Ambakisye akasema, "Wewe ukibaki, tata, siendi."

Na hilo nalo tulijua maana yake. Malafyale wa Undali alikwisha kungoja walimu wawili ambao hawakufika. Huyu asipofika, kiwanja kingerudi kuwa malisho. Watu wakaanza kumwangalia Tupokigwe, kana kwamba yeye ndiye mvua.

"Mke wangu, sisi tumebatizwa," Ambakisye akamwambia. "Haya ni mambo ya zamani."

"Nimebatizwa," akajibu, bado ametupa mgongo, maji yanamchuruzika. "Sikubatizwa ili nikose adabu. Wewe baba ni wako, unamzoea. Mimi nimemheshimu tangu siku niliyoingia kwenu, na yeye ameniheshimu. Unataka nikamlalie miguuni kama mbuzi kwa ajili ya kitambaa?"

Mimi nilikumbuka swali la Hamisi. Nani atalala humo? Mimi nilikuwa nimehesabu miili.

Nikasogea, nikasimama mbali kidogo kama inavyofaa, nikamwuliza, "Mama Lugano, niambie kama unamwagiza fundi. Unataka nini?"

Akafikiri. "Ukubwa siutaki. Nataka mlango wangu, na yeye awe na wake. Na kila mmoja ajue mwenzake anapokuja."

Kesho yake nilirudi kwa Alidina na lile la duara kichwani.

"Ee, mtu wa Njisi! Limekuwa dogo?"

"Limekuwa na mlango mmoja."

"Juzi uliliita hili la nyumba mzigo wa punda. Leo umepata cheo, unataka kutokea mbele na kuingilia nyuma kama gavana?"

"Nimepata mkamwana," nikasema. "Tena si wangu."

Alicheka, lakini alilitoa. Tukalifungua lote pale dukani, nikachungulia kila mshono kwa kuliweka juani, maana hema lililokaa dukani panya nao hulichagua. Tupokigwe akashona pazia la kitambaa cha marekani, mikunjo miwili, la kugawa hema katikati kutoka paa mpaka chini. Mzee nilimpa mlango wa mashariki apate jua la asubuhi kwa magoti yake. Mama nilimpa wa magharibi, karibu na moto. Nikakata njia mbili kwenye nyasi, kila mlango na yake, zisikutane mpaka mtoni. Mzee akawa anakohoa kabla ya kuinuka. Mama naye akitaka kupita anagonga chungu kwa upawa, chungu kile chekundu cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, chenye sauti ya kengele. Chakula cha mzee kilipita chini ya pazia mikononi mwa Lugano, na bakuli tupu likarudi hivyo hivyo. Tukajaribu siku kadhaa uwanjani. Mzee akasema, "Nitakwenda."

Njiani wapagazi walininung'unikia mimi.

"Fundi, nguzo mbili, mapaa mawili, milango miwili! Tunahamisha boma?"

"Bega lako likichoka," nikamwambia mmoja, "tambaa kwa tumbo. Mzee atakufundisha."

Mzee Mwakatundu alisikia, akacheka kuliko wote.

Tulivuka mbuga za Katumba Songwe maji yakiwa kiunoni, tukaupanda mto mpaka milimani. Kule udongo ni mwekundu na mawe, nikabadilisha vigingi nikachonga vifupi vya mti mgumu. Malafyale alikuja mwenyewe kutazama. Alilizunguka hema, akaona milango miwili na njia mbili, akaguna. "Hawa ni watu," akasema. Akatuletea maziwa.

Jaribu lenyewe lilikuja alasiri moja. Ambakisye na wapagazi walikuwa bondeni wakikata miti. Mimi nilikuwa kambini. Upepo wa kule hauji kama wa ziwani, ambao unauona majini ukija. Ule unaanguka kutoka mgongoni mwa mlima. Nililegeza kamba za magharibi, lakini kabla sijafika za mashariki mvua ilikwisha kupiga. Zikajikaza. Vigingi viwili vikaruka. Hema likainuka upande mmoja, na nikasikia pazia likichanika.

Ndani walikuwa mzee, Tupokigwe na watoto. Nilishika kamba kuu kwa mikono yote miwili, sikuweza kuiachia niingie. Lakini nilisikia kila neno, na kupitia mlango uliokuwa ukipepea niliona. Mzee ameikumbatia nguzo yake, uso kuelekea mashariki. Mama ameikumbatia yake, uso kuelekea magharibi. Kati yao pazia limeanguka, pamekuwa wazi, na hakuna aliyegeuka.

"Lugano!" mzee akaita. "Mwambie mama yako ailaze nguzo kwangu kidogo!"

"Mama, babu anasema uilaze..."

"Nimesikia. Mwambie nimeilaza."

"Babu, mama anasema..."

"Mwambie asiiachie! Paa linakuja!"

Sauti za upepo zimejaa mlima, na wale wawili, ambao wangeweza kugusana kwa fimbo, wanatumana mtoto. Kisha ngurumo ikapiga karibu. Lugano akajitupa chini ya mkeka na wadogo zake, akaziba masikio. Mjumbe hakuna tena. Nguzo ya magharibi ikaanza kutembea.

"Mama!" mzee akasema, bila kugeuka. Alimwita mama. "Shikilia!"

Mama akaikaza mikono kwenye nguzo, naye hakugeuka.

"Nashikilia, tata."

Waliishikilia. Mimi nilizungusha kamba yangu kwenye jiwe, nikapigilia vigingi upya kwa nyundo ya Hamisi, na upepo ulipochoka hema lilikuwa limesimama. Paa la juu lilipasuka. La ndani halikuvuja, kwa sababu hakuna aliyeligusa.

Ambakisye alipofika anahema, alimkuta mkewe ameketi upande wake, anashona pazia kabla giza halijaingia. Mzee alikuwa upande wake, anakohoa bila sababu. Maneno yale hayakutajwa tena na yeyote, na mimi sikuyasema kambini. Asubuhi mzee alimwita Lugano, akampa kuku jike aliyenunua kwa watu wa pale. "Mpelekee mwenye mlango wa pili," akasema. "Mwambie, ndaga fijo." Maana yake asante sana.

Walikaa humo mpaka mvua zikaisha. Wakajenga nyumba mbili, moja ikitazama huku na moja kule, na shule katikati. Mzee aliishi miaka mingine mizuri, akafia kitandani pake, ameshiba. Shule ipo. Lugano anafundisha watoto wadogo herufi. Hema lilirudishwa kwangu likiwa na viraka zaidi ya turubai lenyewe, na misheni ikasema nikae nalo.

Kwa hiyo kijana, bwana akikuambia, "Nichagulie hema la familia," usikimbilie kubwa. Keti nao wakila chakula. Tazama nani anampisha nani, nani anazungumza na nani, mwenye mtoto mchanga anakaa wapi, mzee anainukaje. Uliza wanawake, wao ndio watakaokuwa ndani mvua ikinyesha. Kisha nenda dukani ukachunguze mishono. Paa juu ya paa chukua hata wapagazi wakikutukana. Wapagazi wanatukana kila kitu.

Vita ilipokuja, Wadachi walitubebesha mpaka magoti yangu nayo yakaharibika. Sasa wameondoka. Waingereza wana mahema yao, na ninyi mna mabega yenu. Mimi nimepumzika Njisi.

Nilivyonavyo leo ni hivi. Nyumba ya mianzi niliyoipaka udongo mwenyewe. Migomba inayoizunguka, na shamba la mpunga upande wa chini. Ng'ombe, wengi kuliko wale waliokufa. Mke, aliyenikubali kabla ng'ombe hao hawajawa wengi. Nyundo ya Hamisi. Biblia, naisoma polepole. Hema la milango miwili, naliazimisha kwa arusi na misiba. Mwana mmoja, aliyeoa msimu uliopita wa mavuno. Njia mbili kutoka nyumbani kwangu, nilizozikata kwa jembe langu. Na mkamwana, ambaye uso wake siujui, lakini kila jioni nasikia upawa ukigonga chungu upande wa pili wa migomba, nami nakohoa, na chakula kinakuja kingali cha moto.